Zamu ya Lori

Nilipofika kijijini pale mara ya kwanza nilimkuta mwanamume mzima amesimama juu ya debe ndani ya ofisi ya kijiji, anachora fahali ukutani kwa chaki. Nilikuwa nimetumwa kutoka Tarime mjini kuwa Bibi Maendeleo. Gari lilikwama njiani, nikamalizia safari kwa miguu, viatu vyangu vikaharibiwa na tope la Itiryo, na hasira nilikuwa nayo tangu asubuhi. Nikamwuliza kama yeye ndiye mwalimu wa watoto wadogo. Akashuka, akajipangusa chaki kwenye suruali, akasema yeye ndiye msimamizi wa mradi wa maji, na kwamba mimi ndiye msaidizi aliyekuwa akimngoja. Sikumwomba radhi. Mimi ni Mkurya wa Turwa, na siku zile nilikuwa na mdomo kuliko sasa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wameondolewa kwenye miji yao iliyotawanyika mabondeni, wakapangwa juu ya kilima kwa mistari iliyonyooka, mlango wa huyu ukitazama mlango wa yule, jambo ambalo wazee wa Kikurya hawakulipenda hata kidogo. Shule ilijengwa, ofisi ikajengwa, bendera ikapandishwa. Maji hayakuwapo. Wanawake walishuka hadi kwenye bwawa moja walilochangia na ng'ombe, na kila masika mvua zilipoosha samadi na kuiingiza humo, watoto wadogo waliharisha na kufa. Sisemi haya kwa kusikia. Sikuwa nimekaa sana pale nilipomsindikiza mtoto wa jirani yangu, mtoto niliyemzoea kwa sababu alikuwa akilia kila akiniona, nikaambiwa nimbebe mpaka kaburini kwa kuwa mama yake hawezi. Hakuwa na uzito wowote. Mpaka leo mikono yangu inakumbuka.

Kazi yetu ilikuwa kuleta maji kutoka chemchemi iliyokuwa mlimani juu, yashuke yenyewe kwa mabomba mpaka kwenye tangi la kijiji, kabla ya masika mengine. Mkubwa wangu alikuwa mtu wa Serengeti, upande wa Nata, mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha sigara. Alikuwa ametoka kozi Morogoro na amerudi na namna ya kupanga kazi aliyoiamini kama wengine wanavyoamini Biblia. Kazi yote aliikata vipande. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe, mtu au mtaa mzima, na kila kipande kilikuwa na zamu yake. Hakuna kipande kilichoanza kabla kile cha mbele yake hakijaisha. Na kazi haikuhesabiwa kuwa imeisha mpaka mwenyewe aiguse kwa mkono, mbele ya watu, aseme, "Imekwisha." Nadhani hilo la kugusa alilibuni yeye, maana kule kozini bila shaka walitia saini, na nusu ya watu wetu hawakujua kushika kalamu.

Kwa sababu hiyohiyo mpango wote ulikuwa michoro. Ukuta wa ofisi ulikuwa na mistari mirefu kutoka mlangoni mpaka dirishani: mstari wa majembe, mstari wa mawe, mstari wa mafundi, mstari wa lori. Juu ya kila mstari kulikuwa na picha za kazi moja baada ya nyingine. Kutoka darini ulining'inia uzi wenye kijiwe mwishoni, na kila Jumatatu uzi ule ulisogezwa kidogo kuelekea dirishani. Ulipogusa picha yako, ujue zamu yako imefika. Bibi mmoja asiyejua kusoma wala kuhesabu zaidi ya kuku wake alikuwa akiingia kila Jumatatu, anautazama uzi, kisha anakwenda kuwafokea wakwe zake kwamba jembe litafika kwao kesho na wao wamelala.

Nilimcheka mkubwa wangu mwanzoni. Nilimwambia hawa watu wana namna yao, wana risaga: mtu akiwa na shamba la kulima, majirani wote wanakuja siku moja, wanalima, wanakunywa togwa na pombe yake, wanakwenda nyumbani. Hawakai kungoja kijiwe. Akasema, "Basi mtaro wote ni risaga, ila mwenye shamba anabadilika." Akaugawa mtaro kwa mitaa. Mtaa wenye zamu ndio uliopika togwa, na mitaa mingine ikaja kuchimba. Mtaro ukatembea. Niliacha kucheka, ingawa sikumwambia.

Lakini kilichowafanya watu wampende ni jambo jingine. Yule mtu hakuwa na neno hapana. Ukija na shida yako hakukukatalia, alikwenda ukutani akakutafutia nafasi. Yule fahali niliyemkuta akimchora siku ya kwanza alikuwa wa mzee mmoja aliyetaka lori la mradi limpelekee fahali wake mnadani. Ofisa mwingine yeyote angemfukuza mzee yule, na mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye alimchora kwenye mstari wa lori, baada ya saruji. Miezi ikapita. Jumatatu ile uzi ulipogusa pembe za fahali, mzee alikuwa mlangoni kabla ya jua, na fahali amefungwa kamba, na lori likampeleka. Kijiji kizima kilitoka kulitazama lori la serikali likishuka kilima na fahali mmoja tu ndani, amesimama kama mheshimiwa. Tangu siku hiyo wakamwita Bwana Zamu, na kila alilosema lina zamu, watu walilingoja bila wasiwasi.

Homa ilimkamata mtaro ukiwa umebakiza kipande kidogo. Alimeza klorokwini, akaenda kazini. Akatapika, akaenda kazini. Nilimwambia aende hospitali Tarime, akaniambia lori halina zamu ya hospitali wiki ile. Nilimtukana, kweli nilimtukana, na akacheka mpaka akakohoa. Nilituma ujumbe kwao kwa kondakta wa basi, na mama yake akafika baada ya siku chache, mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki, amebeba unga wa ulezi kichwani kutoka Nata mpaka kwetu kana kwamba sisi hatuli. Alimkuta mwanawe bado anamtambua. Alimwosha, akampikia uji ambao hakuweza kuumeza, akakaa naye. Asubuhi moja nilipokwenda kuwajulia hali nilimkuta mama amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa cha kichwani amekivua. Sikuhitaji kuuliza. Niliketi chini karibu naye tukalia pamoja, yeye kwa Kinata na mimi kwa Kikurya, lugha ambazo ni ndugu na kilio chake ni kimoja.

Halafu akauliza kitu ambacho mama yeyote wa kwetu angeuliza.

"Lori litaondoka saa ngapi?"

Mtu wa kwetu hazikwi ugenini. Anarudi kwao, kwenye mji wa baba yake, na ndugu zake ndio wanaomchimbia. Mama alikuwa na haki, na kila mtu kijijini pale alijua ana haki. Basi halichukui maiti. Gari lilikuwa moja tu, letu. Lakini mwaka ule mafuta yalikuwa shida nchi nzima, na tulikuwa na dizeli ya safari moja, ya kwenda Musoma na kurudi, kuchukua mabomba. Stoo ya mkoa ilikuwa imeleta taarifa kwamba tusipofika kabla ya Jumamosi, mabomba yanapewa wilaya nyingine. Na mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kukaa juu ya milima. Lori likienda Nata, mabomba hayaji. Mabomba yasipokuja, watoto wanashuka tena bwawani.

Kamati ilikutana ofisini, na mama akaja akaketi kwenye benchi bila kuitwa. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye moyo laini, alizungumza kwa muda mrefu kuhusu marehemu, na upendo wa marehemu, na taifa, akazunguka na kuzunguka. Nilichoka. Nikamgeukia mama nikamwambia mimi.

"Mama, zamu ya lori ni mabomba. Mafuta ni ya safari moja. Yasipokuja sasa, watoto wa hapa watakufa kama walivyokufa mwaka jana."

Alinitazama. Halafu akatazama ukuta. Siku zote alizokaa kijijini alikuwa hajaingia ofisini mle. Akasimama, akafuata mistari kwa macho kutoka mlangoni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba la mwenzake.

"Hiki nini?"

"Ndilo lori, mama."

"Na huyu ng'ombe?"

"Ni fahali wa mzee mmoja wa hapa. Aliomba lori, mwanao akamwambia angoje zamu yake."

"Akalipata?"

"Alilipata," wakajibu watu watatu wanne kwa pamoja, na yule mzee mwenyewe akasema, "Kweli, mama. Mwanao hakuwahi kunidanganya."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi na yeye mchoreni."

Kisha mwenyekiti akachukua chaki. Alikwenda karibu kabisa na dirisha, kwenye mstari wa lori, baada ya mabomba, baada ya kokoto za tangi, baada ya kila kitu, akachora mtu. Kichwa, kiwiliwili, miguu. Akarudi nyuma.

"Mikono," mama akasema.

Mwenyekiti akamwongezea mikono.

Nilimfuata mwenyekiti nje. Nikamwuliza anajua alichokifanya, maana maiti haiwekwi ikangoja kokoto, inazikwa kesho, na ikishazikwa imezikwa. Akajifuta macho kwa mkono wenye chaki. "Mama wa watu amefiwa," alisema. "Ulitaka nimwambie nini? Mpaka uzi ufike pale uchungu wake utakuwa umepoa." Naamini alikuwa akimhurumia. Nilimchukia hata hivyo.

Tulimzika kijijini, kando ya mahali pa kujenga tangi. Wakurya walimchimbia mtu wa Nata kaburi zuri, na vijana wa mtaa uliokuwa na zamu ya mtaro waliacha mtaro wakamchimbia yeye kwanza. Mama alisimama kimya muda wote. Hakujitupa chini, hakupiga kelele. Wanawake walinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Mimi nilijua kwa nini hakulia, na kujua huko kulinikaa kifuani kama chakula kisichoshuka. Kwake alikuwa ametuazima tu mwanawe, mpaka zamu ya lori ifike.

Lori lilikwenda Musoma likarudi na mabomba siku moja kabla ya mvua ya kwanza. Nikawa msimamizi mimi. Kila Jumatatu nilisogeza uzi, na kila Jumatatu niliona yule mtu wa chaki anakaribia. Mafundi waliunga mabomba mvua ikiwapiga migongoni. Mtaro ulibomoka mahali pawili, ukachimbwa tena, togwa ikapikwa tena. Mara moja nilifikiri nimfute tu kwa kiganja, nani angeuliza? Nilimwacha. Nilikuwa nimemzoea pale. Nilipochelewa kurudi nyumbani nilikuwa nikizungumza naye, nikimlalamikia kuhusu mafundi.

Maji yalifika. Wageni wakaja kutoka wilayani, ng'ombe akachinjwa, hotuba zikasomwa, na zilipoisha nilikwenda kwenye bomba la kijiji nikaligusa kwa mkono nikasema, "Imekwisha." Maji yakatoka yakikohoa, mekundu kwanza, kisha meupe. Wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakimbia. Jirani yangu, yule niliyembebea mtoto wake, alikinga viganja viwili akanywa, kisha akakaa chini kwenye tope akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Maji yalikuwa yamefika, na kwake yalikuwa yamechelewa.

Nilipogeuka nilimwona mama wa Nata amesimama nyuma ya watu. Ameshuka basi la asubuhi; habari za siku ya maji zilikuwa zimemfikia kupitia makondakta. Chini ya kwapa alikuwa na kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa, na nilijua ni sanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi." Akanyosha kidole kuelekea ofisini. "Uzi umefika?"

Ulikuwa umefika. Mimi mwenyewe ndiye niliyeusogeza.

Wazee walikaa naye chini ya ukuta wa ofisi, wale wazee wa Kikurya ambao neno lao likitoka halirudi. Walimsemesha kwa heshima zote. Mmoja wao, yule wa fahali, alimwambia, "Mama, tuliyemlaza kwenye udongo hatumwamshi. Si kwako wala kwetu. Hata wewe unajua." Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti. Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Nilitarajia alie sasa, kile kilio alichokiweka.

"Nimesikia," alisema. "Basi lori liende."

"Liende kufanya nini, mama?"

"Limechorwa. Liende."

Wangesema nini? Mtu aliyewafundisha kungoja zamu alikuwa amelala hatua chache kutoka hapo. Dizeli safari hii ilikuwapo, na kulikuwa na vipande vya mabomba vilivyobaki vya kurudisha stoo, kwa hiyo kulikuwa na sababu ya kuandika. Tuliondoka alfajiri, dereva, mama na mimi, watatu mbele, na nyuma hakuna kitu ila vyuma vile na kamba. Watu walisimama kando ya njia wakavua kofia. Wengine walikuwa wale wale waliotoka kumtazama fahali.

Tulivuka Mto Mara kwa pantoni. Mama alikuwa ameweka sanda mapajani. Alizungumza kidogo njiani, kuhusu mbuzi. Alisema mwanawe alipokuwa mdogo hakuwaruhusu mbuzi kunywa maji kwa pamoja, aliwapitisha mmoja mmoja, na wenzake wakarudi nyumbani zamani yeye bado yuko mtoni na mbuzi wake wa mwisho. Dereva alicheka, kisha akavuta pumzi puani.

Tulifika kwao mchana. Nilidhani tutakuta watu wamekaa tu. Kando ya nyumba ya baba yake kulikuwa na shimo, udongo wake ungali mbichi, na kaka zake wamesimama na majembe, jasho linawatoka. Mama alikuwa amewaambia wachimbe siku ile, lori litaleta mtu. Walitupungia mkono kwa huzuni, wakaja nyuma ya lori, wakafungua bodi. Wakatazama ndani.

"Yuko wapi?" mkubwa wao akaniuliza.

Mimi ninayejulikana kwa mdomo nikamgeukia mama. Mama ndiye aliyewaambia, kwa Kinata, maneno machache. Baba yao mdogo, mzee mwenye fimbo, akasema sasa kuna taabu, kwa sababu kaburi likishachimbwa kwao haliwezi kuachwa wazi jua likatua, wala kufukiwa bila kitu ndani, la sivyo litamtafuta mwingine wa mji huo. Wakaanza kubishana kuhusu mbuzi wa kuweka humo, kama achinjwe mweusi. Mama akawaacha wabishane. Alikuja kwenye lori akaweka mkono juu ya kipande kimoja cha bomba, cha urefu wa mtu hivi.

"Hili alilishika yeye?"

Ningeweza kumdanganya. "Hapana, mama. Yaliletwa baada yake. Lakini ndiye aliyeyaagiza."

"Basi."

Walilivingirisha kwenye sanda. Kaka wawili walishuka shimoni wakalipokea, mmoja upande wa kichwa na mwingine upande wa miguu, kwa uangalifu, bila kuligonga. Hakuna aliyecheka. Mchungaji wa pale alisita, kisha akaomba sala fupi. Wanawake wa mji walianza kulia wakati udongo wa kwanza ulipogonga chuma kile, kwa sababu kililia kwa sauti ambayo maiti hailii, na hapo mimi nami nikashindwa kujikaza. Baadaye stoo ya mkoa ilinitaka nieleze kwa maandishi kipande kimoja cha bomba kilikwenda wapi. Niliandika kwamba kimetumika.

Walipomaliza kufukia na kusawazisha, mama alisogea akapiga magoti. Alikuwa ameniona siku iliyotangulia nikiligusa bomba la kijiji mbele ya watu wote, alikuwa amesikia nilichosema, na aliniuliza usiku ule maana yake, nikamweleza kwamba ni desturi ya mwanawe. Aliweka kiganja chake juu ya udongo. Wanawe, dereva na mimi tukangoja aseme, "Imekwisha."

Neno lile hakulisema. Kisha akaondoa mkono, akaupangusa kwenye kaniki, akasimama kwa kushikilia bega la mwanawe mkubwa, na akamwuliza dereva kama amekula.